Mtori Uliokamatwa

Hotipoti ilikuwa juu ya meza ya Inspekta Sabaha, ndani ya mfuko wa nailoni wenye lebo ya namba ya jalada. Ilikuwa ya lita mbili, ya rangi ya samawati, na ua jekundu ubavuni. Kando yake, katika mfuko mwingine, kulikuwa na kijiko cha supu. Siku nane zilizopita hotipoti hiyo ilikuwa na mtori, supu ya ndizi na nyama.

"Ushahidi huo hapo mezani, afande," alisema Angela. "Sasa unasubiri nini?"

"Nasubiri kusoma," alijibu Sabaha, akafungua bahasha ya maabara.

Malalamiko yalikuwa ya Angela. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa saba mchana, mdogo wake Rogath, muuza mahindi wa jumla katika Mtaa wa Tandamti, Kariakoo, alikula mtori ambao mke wake alimpelekea dukani. Hakumaliza robo saa. Alitokwa na jasho, akatapika, akaanguka katikati ya magunia. Hospitalini madaktari waliona dalili za sumu ya kuua wadudu. Rogath alipona, akarudi nyumbani. Mke wake, Candida, alikamatwa, akahojiwa, akaachiwa kwa dhamana yenye masharti mawili: aripoti kituoni kila asubuhi, na asimpikie mume wake.

Leo saa kumi jioni kungekuwa na kikao cha familia. Angela alikuwa amekiitisha. Kama polisi wangesema mke ana hatia, angerudi mahabusu. Kama wangesema bado wanachunguza, familia ingempeleka kwa wazazi wake Rombo, na huko angekaa.

"Kabla ya kuanguka, Rogath alikuwaje?" aliuliza Sabaha, macho yakiwa kwenye karatasi.

"Alikuwa mpole."

"Upole si kosa."

"Kwa Rogath ni ugonjwa. Mimi nimembeba mgongoni yule, namjua. Alikuwa anapiga kelele duka zima, anacheka mpaka mtaa wa pili. Kuanzia Oktoba, saa kumi na moja jioni yuko kitandani. Marafiki wanampigia simu, hapokei. Mke akisema kaa, anakaa. Akisema lala, analala. Na Desemba hakwenda nyumbani Rombo kuhesabiwa na ukoo." Angela aliinama mbele. "Miaka kumi na tisa hajakosa. Mchaga gani hapandi Desemba, afande? Hata waliokufa tunawapandisha."

"Kwa hiyo unasema limbwata."

"Mimi ni Mkristo, uchawi siuamini. Dawa naiamini. Wanawake wanazinunua hapa hapa Kariakoo, wanawatilia waume zao kwenye supu ili watulie. Huyu mwanamke alizidisha kipimo." Alifungua mkoba, akaweka mezani pakiti ndogo ya unga. "Nimeikuta jikoni kwake, nyuma ya jiko. Soma kilichoandikwa."

Pakiti ilisema unga huo unaua mende. Sabaha aliigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma mara mbili, akanakili mstari mmoja kwenye daftari. Kisha akarudi kwenye ripoti ya maabara. Mabaki ya mtori: dawa haikuonekana. Sehemu ya ndani ya hotipoti: haikuonekana. Kirungu cha kifuniko: imeonekana. Mpini wa kijiko: imeonekana, kwa wingi.

"Imeonekana!" alisema Angela, ambaye alikuwa anasoma karatasi kichwa chini miguu juu. "Si nilikwambia?"

"Imeonekana kwenye mpini," alisema Sabaha. "Mtori hauna kitu. Mtu anayetia sumu kwenye chakula, dada Angela, huitia kwenye chakula."

Angela aliisoma tena karatasi. "Basi aliipaka," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Candida aliingia saa tatu kamili kuweka sahihi. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na mbili, na kitenge begani. Aliwasalimu wote wawili. Angela aliitikia akiwa anatazama dirisha, akabeba mkoba wake akatoka.

"Pakiti hii ni yako?" aliuliza Sabaha.

"Ni yangu. Mende wamejaa, tunakaa juu ya mgahawa."

"Umeitumia?"

"Mara mbili. Nyuma ya jiko."

"Mtori wa Jumatatu nani mwingine aliula?"

"Mimi. Nauonja chumvi mara tatu, ana presha yule. Kisha nakula uliobaki kwenye sufuria."

"Hotipoti unaibebaje?"

"Naifunga kwenye kitenge, hiki hapa. Natoka Mtaa wa Livingstone mpaka dukani kwa miguu, ikifika bado ya moto."

"Kifuniko nani anafungua?"

"Yeye. Hataki nimfungulie. Anasema mtu anayefunguliwa chakula ni mgonjwa." Candida aliweka sahihi, akarudisha kalamu, lakini hakuondoka. "Afande, sasa hivi anakula nini?"

"Dada yake anampikia."

"Ndizi anaziponda zote?"

"Sijui."

"Anapenda zipondwe nusu. Zikipondwa zote anasema ni chakula cha mtoto." Alivuta kitenge begani. "Kama utamwona dada Angela, mwambie. Usiseme nimesema mimi."

Sabaha aliandika kwenye daftari: *kitenge kipimwe*. Chini yake, baada ya kusita kidogo, akaandika: *ndizi, nusu*.

*

Hospitalini, Daktari Severine alikuwa na karatasi tatu juu ya meza yake. Siku ya pili ya uchunguzi Sabaha alikuwa amemwomba apime damu za watu watatu: Rogath mwenyewe, Candida, aliyekula kutoka sufuria ile ile, na Mzee Kitwana, mpima mizani wa dukani, aliyevuta vumbi la ghala lile lile kwa miaka kumi na minne.

"Kuna kimeng'enya kwenye damu," alisema daktari, "ambacho hushuka mtu akiingiwa na aina fulani za dawa za wadudu. Mke: asilimia tisini na saba ya kawaida. Mzee: themanini na sita. Rogath: thelathini na nane."

"Unga wa mende unaweza kukishusha hivyo?"

Sabaha alimpa mstari alionakili. Daktari aliusoma. "Hapana. Hii ni jamii ya pareto. Haigusi kimeng'enya hiki. Aliyonayo Rogath ni ya jamii nyingine, wanaiita oganofosfeti. Hutumika zaidi mashambani na kwenye maghala."

"Aliipata siku moja?"

"Siku moja ingemwangusha. Isingemfanya alale saa kumi na moja kuanzia Oktoba." Severine alivuta faili lingine kutoka droo, akaliwekea mkono juu bila kulifungua. "Hili ni siri ya mgonjwa. Amenipa ruhusa kwa maandishi asubuhi hii, wewe tu uone. Januari alikuja kwangu. Alikuwa hana nguvu, hana hamu ya kitu chochote, na unaelewa ninaposema chochote. Nikapima homoni ya kiume. Nilipima asubuhi mbili tofauti, kwa sababu jioni hushuka yenyewe na kumdanganya daktari. Chini kabisa kwa mtu wa umri wake ni mia tatu. Yake ilikuwa mia mbili na kumi, halafu mia moja na tisini."

"Januari. Kabla ya kuanguka."

"Wiki nne kabla. Kwa hiyo huwezi kusema kuanguka ndiko kulikoishusha."

"Dawa ndiyo iliyoishusha?"

Daktari alivua miwani. "Mahakamani nisingeapa. Tafiti za watu wazima wanaoshika dawa hizi kila siku zinaonyesha homoni kubadilika kwa baadhi yao. Si kwa wote, na si tafiti zote zinakubaliana. Ninachoweza kusema ni kwamba viwili hivi vimekutana ndani ya mtu mmoja, na sijapata sababu nyingine. Sukari ni nzuri. Uzito ni mzuri. Januari nilimuuliza kuhusu pombe na usingizi. Sikumuuliza mikono yake inafanya nini mchana kutwa. Hilo ni kosa langu, liandike."

Sabaha aliliandika. "Alikuja peke yake?"

"Na mke wake. Alikaa kiti hicho hicho ulichokalia."

"Nimemhoji mara nne. Nimemuuliza kwa nini mume wake amebadilika, kwa nini hawakusafiri Desemba. Kila mara amesema hajui."

"Alikuwa anajua," alisema daktari.

Sabaha alifunga daftari. Mwanamke aliyekuwa na majibu ya daktari ya kujitetea nayo alilala usiku mmoja mahabusu bila kuitaja. Kulikuwa na maelezo mawili tu: ama alikuwa anaficha kosa lake, ama alikuwa anaficha namba za homoni za mume wake. Asilimia tisini na saba haikuunga mkono maelezo ya kwanza.

Kilichobaki kilikuwa hesabu rahisi. Chungu kilikuwa kimoja, mke mzima. Ghala lilikuwa moja, mzee karibu mzima. Rogath alikuwa anafanya jambo ambalo wote wawili hawakulifanya.

*

Mtaa wa Tandamti saa sita mchana haupitiki kwa heshima. Sabaha alipita ubavu ubavu kati ya mikokoteni na marundo ya vitunguu.

"Njia, mama! Mzigo hauna macho!" alipaza sauti mpagazi nyuma yake. Alisogea, gunia likapita, jasho la mtu likamgusa mkono.

Mzee Kitwana alikuwa amekaa juu ya mizani ya dukani kama mzigo unaosubiri kupimwa. Alikuwa mtu wa Lindi, mwembamba, na kofia iliyodariziwa kwa mkono kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikamata na mimi? Ngoja nivae viatu."

"Kaa tu. Nimekuja kujifunza kazi."

"Basi umechelewa. Mimi nilianza na miaka kumi na miwili." Alicheka, kisha akaacha. "Candida hajafanya kitu. Wanasema limbwata. Limbwata mimi nalijua, mwanangu, kwetu kuna mtu alilishwa. Mtu wa limbwata ananenepa, anakaa barazani anatabasamu. Rogath amekonda, na hatabasamu."

"Hoja hiyo siwezi kuipeleka mahakamani."

"Ipeleke hivyo hivyo."

Sabaha alitazama ghala. Magunia yalipangwa mpaka darini. Katika mikunjo ya kila gunia kulikuwa na ungaunga mweupe, mwepesi kuliko unga wa mahindi. "Hiki ni nini?"

"Dawa ya dumuzi. Mwaka jana mwezi wa nane dumuzi walikuja wengi, wakatoboa mahindi ya watu mpaka yakabaki maganda. Wenye maghala kule bara wakaogopa. Zamani walikuwa wanapima kwa kijiko. Siku hizi wanatia kwa konzi." Alishuka kwenye mizani, akaenda kwenye ndoo ya takataka, akarudi na pakiti tupu. "Nyingine tunazikuta ndani ya gunia lenyewe."

Sabaha alivaa glovu, akasoma nyuma ya pakiti. Oganofosfeti. Kipimo kwa gunia moja kiliandikwa kwa gramu, na chini yake idadi ya siku ambazo nafaka isiliwe. Akaitia kwenye bahasha, akaandika saa na mahali.

"Mzee, Jumatatu ile mlipokea mzigo?"

"Malori mawili ya Fuso kwa mkupuo. Tangu alfajiri hatujakaa. Mtori ulipofika Rogath alikaa chini pale pale, akafungua, akala. Hata mikono hakunawa, alikuwa na njaa."

"Fuso ikifika, Rogath anafanya nini? Usiniambie. Nionyeshe."

Kitwana alichukua bambo lililokuwa limening'inia ukutani, chuma chembamba chenye mfereji na ncha kali. Alilichoma kwenye gunia, punje zikateremka ndani ya mfereji mpaka kiganjani. Akapuliza. Vumbi jeupe likaruka. Akazihamisha punje kutoka kiganja kimoja kwenda kingine, karibu na sikio.

"Sikiliza. Makavu yanalia kama kokoto. Mabichi hayasemi kitu."

"Rogath naye anasikiliza?"

"Rogath hasikilizi. Rogath anang'ata." Mzee alisema kwa fahari, kana kwamba meno yale aliyaotesha yeye. "Anang'ata punje, anakwambia unyevu kumi na tatu na nusu. Wenye mashine wanapima, wanakuta kumi na tatu na nusu. Wateja wanatoka mbali kwa ajili ya meno yale. Baba yake alimwambia, gunia usilolionja si lako."

"Na wewe kwa nini hung'ati?"

Kitwana alifungua mdomo wake wote. Mbele hapakuwa na jino hata moja, na nyuma yalibaki mawili yasiyotazamana.

"Mwaka wa tisa huu," alisema. "Ndiyo nikajifunza masikio."

Sabaha hakucheka, ingawa mzee alimpa nafasi. "Akiing'ata anatema?"

"Ganda anatema. Ndani anameza. Anasema utamu ndio unaomwambia mahindi yametoka wapi."

"Punje ngapi kwa gunia?"

"Mbili. Gunia likiwa bishi, tatu."

"Fuso ina magunia mangapi?"

"Mia na hamsini. Siku za kawaida inakuja moja, mara mbili kwa wiki."

Fuso mbili, magunia mia tatu, punje mia sita zisizopungua, kabla ya mtori. Na siku nyingine fuso moja moja, mara mbili kwa wiki, tangu Agosti. Sabaha aliandika namba hizo moja chini ya nyingine.

"Hakuna kipimo cha mashine hapa dukani?"

"Kipo." Kitwana alivuta droo ya meza, akatoa boksi. Nailoni yake haikuwa imechanwa. "Alileta Mama Nice. Juni, Rogath alipovunjika gego kwa punje ya Songea. Akamwambia, baba Nice, meno yako nayahitaji mpaka uzee. Yeye akasema asante, akaliweka humu. Ati mteja akikuona na kidude, anajua hujui mahindi."

Mama Nice alikuwa Candida. Nice ni binti yao mkubwa, aliyekuwa chuoni Mwanza. Sabaha aliligeuza boksi. Pembeni mtu aliandika kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa duara ule ule aliouona kila asubuhi kwenye kitabu cha dhamana: *Kwa meno yako.*

"Naomba niliazime," alisema. "Na wewe uvae barakoa, mzee. Themanini na sita si mia."

*

Saa kumi kasoro dakika tano, katika sebule ya ghorofa ya tatu Mtaa wa Livingstone, Rogath alikuwa amekaa kwenye kochi na taulo shingoni. Alikuwa na mifupa ya mtu mkubwa na nyama ya mtu mdogo. Angela alikaa karibu naye. Mbele yao, kwenye kiti cha mbao, alikaa baba yao mdogo, Pius, aliyeshuka na basi kutoka Rombo kwa ajili ya kikao. Candida alikaa kwenye stuli karibu na mlango, kama mgeni aliyekuja kuuliza kitu.

Sabaha alitoka jikoni, alikoomba maji, akaweka mfuko wa hotipoti mezani. Kando yake akaweka bakuli la mahindi makavu ya bisi, aliyoyatoa dakika kumi kabla kwenye pakiti iliyofungwa kiwandani. Hakuna aliyeuliza bakuli lilikuwa la nini.

"Mtori haukuwa na sumu," alianza. "Kitenge kilichobebea hotipoti nimekipeleka maabara asubuhi, wamenipigia simu njiani: ni safi. Unga wa mende ni wa aina nyingine. Mke alikula chakula kile kile na damu yake ni nzima."

"Basi dawa ilitoka wapi?" aliuliza baba mdogo Pius.

"Kwenye mpini wa kijiko na kirungu cha kifuniko. Aliyevishika viwili hivyo mwisho ni mtu mmoja, naye ndiye aliyekula."

"Unataka kusema nilijilisha mwenyewe?" alisema Rogath. Sauti yake ilikuwa nzito na ya polepole. Alinyoosha mkono kwenye bakuli, akachukua punje. "Afande, mimi nimeshasema kituoni na nasema hapa mbele ya baba. Mke wangu hajanipa kitu. Na kama alinipa, kama hilo ndilo limbwata, mwambieni aongeze." *Kak*, punje ilivunjika. "Siku nane nakula mtori wa kupondwa wote kama sina meno."

"Rogath!" alisema Angela.

"Samahani, dada. Lakini ni kweli."

"Desemba je?" Angela aligeuka kwa Sabaha. "Na upole ule? Kijiko ndicho kilichomzuia asiende nyumbani?"

Sabaha alimtazama Rogath, na Rogath akaelewa anaulizwa nini. Alichukua punje nyingine, akaing'ata, akatafuna taratibu. Candida alisimama kutoka kwenye stuli.

"Afande, hilo liache," alisema Candida. "Mimi nitakwenda Rombo. Si jela. Nitakaa kwa mama mpaka mambo yapoe."

"Kaa, Mama Nice," alisema Rogath.

Hakukaa.

"Nilikuwa na barua ya daktari tangu Januari," Rogath aliwaambia wengine. "Homoni za kiume zimeshuka. Namba ninazo, mkitaka niwasomee. Huyu alinipeleka, huyu alikaa na mimi kwa daktari, na nikamwambia asimwambie mtu, hata dada yangu. Mmemweka ndani kwa ajili ya mdomo wangu mimi. Sikwenda nyumbani Desemba kwa sababu nisingeweza kupanda kilima mpaka kwa baba bila kukaa chini mara tatu, na mngeniona." Alichukua punje ya tatu. "Bora mjue namba kuliko mzue."

Baba mdogo Pius alikohoa, akatazama mikono yake. Angela alikuwa hatazami mikono yake. Alikuwa anatazama mdomo wa mdogo wake.

"Rogath," alisema. "Unakula nini?"

Rogath alisimamisha taya.

"Tangu nianze kuongea, punje tatu," alisema Sabaha. "Dukani ni mbili kwa kila gunia. Jumatatu ile zilikuwa mia sita, na tangu Agosti kila punje imepakwa dawa ya dumuzi kwa konzi, si kwa kijiko. Alishika dawa, akala dawa, kisha akashika kijiko cha mkewe. Haya ya kwenye bakuli ni safi. Nilitaka tu mwone, kwa sababu yeye mwenyewe asingewaambia. Hajui kama anafanya."

Chini barabarani mtu alikuwa anatangaza bei ya soksi kwa kipaza sauti.

"Baba alikuwa anang'ata," alisema Rogath hatimaye. "Babu alikuwa anang'ata."

"Wao waling'ata mahindi," alisema Sabaha. "Wewe unang'ata dawa." Akamsogezea bakuli. "Haya yana unyevu kiasi gani?"

Rogath alisita. Lakini aliulizwa swali la kazi, na katika siku nane hakuna aliyemuuliza swali la kazi. "Kumi na mbili," alisema. "Na nukta kidogo."

Sabaha alichana nailoni ya boksi, akatoa kipimo, akajaza mahindi kwenye kikombe chake, akabonyeza. Wote waliinama, hata baba mdogo Pius. Kioo kiliandika 12.2.

"Kinasema kama wewe," alisema Sabaha. "Kwa hiyo unaweza kukiamini. Daktari anataka ukae mbali na unga ule miezi mitatu, kisha akupime tena, asubuhi."

"Namba itapanda?"

"Anasema atapima, hatabashiri."

Rogath alikichukua kipimo, akakigeuza, akausoma mwandiko wa bluu kwenye boksi kana kwamba hakuwahi kuuona. Sabaha alifungua jalada, akatoa fomu ya kurudisha vielelezo, akamsogezea Candida kalamu. Candida alisoma kila mstari kabla ya kuweka sahihi. Hotipoti moja, kijiko kimoja.

"Kesho usije kituoni," alisema Sabaha. "Masharti yamefutwa. Yote mawili."

Candida alikuja mezani kuchukua vitu vyake. Rogath alikuwa ameshikilia kipimo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili, peke yake, ulikuwa umeshapeleka punje ya nne mdomoni. Candida aliona. Alinyoosha kiganja chini ya kidevu cha mume wake.

"Tema."

Rogath alitema.

"Mnaona?" alisema Angela. "Mnaona anavyom…" Akaishia hapo. Alimtazama mdogo wake, mtu mzima, aliyetema punje kwenye kiganja cha mke wake, akamtazama mke aliyeifunga kiganjani kama kitu cha kutunzwa. Alisimama, akaichukua hotipoti kutoka mezani, akaichana lebo ya polisi kwa kucha, akaingia nayo jikoni. Maji yalisikika yakifunguliwa, yakamwagika muda mrefu kuliko hotipoti ya lita mbili inavyohitaji.

Sabaha alifunga jalada. Alikuwa amefika mlangoni sauti ya Angela ilipotoka jikoni, kavu, ya mtu aliyejisafisha koo kwanza.

"Wifi," iliuliza, "ndizi umeweka wapi? Na hizo nusu, unaponda kabla au baada ya nyama?"

Sabaha alipapasa mfuko wake, akaukuta mtupu: daftari alikuwa ameliacha wazi jikoni alipoomba maji, kwenye ukurasa wenye *ndizi, nusu*. Akarudi kulichukua.